TUSIMSINGIZIE MUNGU MBELE YA MTOTO

Mada kwa wazazi, walezi na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

Tume ya Haki na Amani inapoitisha kikao, waamini huja wakitarajia kusikia habari za ardhi, mirathi ya wajane, rushwa au uchaguzi. Leo tunaomba tuzungumze juu ya mtoto mdogo, yule ambaye hajafikia umri wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Ni yule anayekaa mapajani mwa bibi yake, au anayefuata ndama nyuma ya nyumba, naye huuliza: Mungu yuko wapi? Mbona hatumwoni? Kwa nini mvua hainyeshi? Kwa nini mdogo wangu amekufa?

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya makatekista, wala si ya Tume hii. Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto ana haki zake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika kifungu cha 12 haki ya mtoto kusikilizwa, na katika kifungu cha 14 uhuru wake wa mawazo, dhamiri na dini, huku wazazi wakiwa na haki na wajibu wa kumwongoza kadiri anavyokua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa haki ya kutoa maoni. Pili, jibu analopewa mtoto wa miaka mitano ni mbegu ya raia wa miaka thelathini. Aliyefundishwa utotoni kwamba kila taabu ni amri ya Mungu, ukubwani hatauliza fedha za kisima zimekwenda wapi.

Neno letu la leo ni moja: tusimsingizie Mungu mbele ya mtoto. Amri ya nane inakataza ushahidi wa uongo. Tunaikumbuka tunaposema habari za jirani, na tunaisahau tunaposema habari za Mungu. Katika Kitabu cha Ayubu, marafiki watatu walikuja kumtetea Mungu kwa hoja nyingi, wakidai kwamba Ayubu anateseka kwa sababu ya dhambi zake. Mwishoni Mungu aliwakasirikia hao watetezi wake, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu (Ayubu 42:7). Basi, inawezekana mtu kumtetea Mungu kwa uongo, na Mungu asipendezwe.

1. Nyumba ni shule ya kwanza ya imani

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani, na kuwataja wazazi kuwa wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Kumbukumbu la Torati lilikwisha kuagiza hivyo zamani: wazazi wazungumze na watoto juu ya Mungu waketipo nyumbani na watembeapo njiani, walalapo na waamkapo, na mtoto akiuliza maana yake, ajibiwe kwa habari ya ukombozi kutoka utumwani (sura ya 6). Yafaa tuzingatie jambo hilo. Mtoto wa Israeli alipouliza habari za Mungu, jibu la kwanza halikuwa habari za moto wala adhabu. Aliambiwa kwamba wazee wake walikuwa watumwa, na Mungu akawatoa.

Sisi wa nyanda za kati hatukuanza kulijua jina la Mungu siku wamisionari walipofika. Wagogo walimwita Mulungu kabla ya hapo, na jina hilo ndilo lililoingia katika Biblia ya Kigogo. Mtoto wa Chamwino, wa Bahi au wa Mpwapwa hulisikia kinywani mwa bibi yake katika shukrani na baraka. Huu ni urithi mwema. Katekista huja baadaye na kujenga juu ya msingi anaoukuta. Swali letu ni kama msingi huo ni wa upendo au wa hofu.

2. Mungu aliyegeuzwa kuwa fimbo

Husikika katika nyumba nyingi maneno haya: Mungu atakuchoma, Mungu anakuona, ngoja tu, umeanguka kwa sababu Mungu amekuadhibu. Mzazi aliyechoka hutafuta msaidizi wa kumnyamazisha mtoto, na Mungu ni msaidizi asiyelipwa. Lakini mtoto mdogo huamini neno kama lilivyo. Anapoambiwa kwamba Mungu anamwona, angeweza kufarijika, kama mtoto anavyofarijika akijua mama yumo nyumbani. Akiambiwa kwa ukali, anaanza kumfikiria Mungu kama askari aliyejificha nyuma ya mlango.

Sofia Cavalletti, mwanamke Mkatoliki wa Roma na mtaalamu wa Maandiko Matakatifu, alianza mwaka 1954 kuwafundisha watoto wadogo imani, na aliendelea na kazi hiyo kwa miongo mingi. Alitambua kwamba watoto wa miaka mitatu hadi sita huvutwa kuliko yote na mfano wa Mchungaji Mwema, anayewajua kondoo wake kwa majina. Katika umri huo, hitaji kubwa la mtoto ni kujua kwamba anapendwa na kulindwa. Habari za wajibu na dhambi atazipokea vizuri baadaye, akiwa amekwisha kusimama juu ya mwamba huo.

Watoto wa Roma walihitaji sanamu za mbao ili wauelewe mfano huo. Watoto wetu wanaujua kwa macho. Mtoto wa Ugogo anajua mbuzi yupi ni mkaidi, yupi amezaa jana, na yupi hakurudi zizini jioni. Amemwona baba au kaka akitoka gizani kumtafuta yule mmoja. Mzazi akimwambia kwamba Yesu alijifananisha na mchungaji wa namna hiyo, na kwamba yeye, mtoto, anajulikana kwa jina lake, amemfundisha mengi kuliko vitisho vya mwaka mzima.

Hatusemi kwamba mtoto asikanywe. Akanywe kwa sababu za kweli. Akimpiga mwenzake, aambiwe kwamba mwenzake ameumia, na kwamba Mungu anampenda mwenzake huyo pia. Yesu aliwakasirikia wanafunzi waliowazuia watoto wasimfikie (Marko 10:13-16). Vitisho ni namna mojawapo ya kuwazuia.

3. Mvua, njaa na habari ya Mtunya

Nchi yetu ni kavu. Dodoma hupata kwa wastani chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, tena katika msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Mvua ikikatika mapema, hata uwele na mtama, mazao yanayovumilia ukame, hunyauka. Ndipo mtoto anapouliza: je, Mungu ametukasirikia?

Wazee wetu walizipa njaa majina. Inayokumbukwa kwa uchungu zaidi Ugogo ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Ni kweli kwamba mvua zilikosekana. Lakini kabla ya ukame huo, majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yaliyokuwa yakipigana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yalichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Kwa kawaida ng'ombe ndio waliokuwa akiba ya Mgogo: mvua ikikosekana, aliwabadilisha kwa nafaka ya majirani. Safari hiyo akiba ilikuwa imechukuliwa na mikono ya kulima ilikuwa imepelekwa mbali. Imekadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa, kati ya watu 150,000.

Je, anayesema kwamba Mtunya ulikuwa adhabu ya Mungu tu, hawaondolei lawama wale waliochukua ng'ombe na nafaka? Anamtwika Mungu mzigo wa wenye bunduki.

Mfano mwingine ni wa Kondoa. Kwa miaka mingi udongo wa milima ya Irangi ulichukuliwa na maji, makorongo yakala mashamba. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Hatua hiyo iliwagharimu sana wafugaji, na gharama hiyo isisahauliwe. Hata hivyo majani na miti ilirudi. Ardhi iliyodhaniwa kulaaniwa ilikuwa imechoshwa na matumizi ya watu, na watu waliweza kuiponya.

Bila shaka mtoto wa miaka mitano hahitaji historia yote hiyo. Anahitaji jibu fupi lisilo la uongo: "Mvua imechelewa. Mungu hajatukasirikia. Tunamwomba, na tena tunaweka akiba, tunapanda miti, na tukiwa na chakula tunagawana na jirani." Katika jibu hilo zimo sala, kazi na haki pamoja. Mtoto akikua, ataweza kuuliza kwa nini ghala la kijiji ni tupu, wala hatadhani kwamba kuuliza ni kumkufuru Mungu.

4. Macho ya bibi

Katika Wilaya ya Kongwa na sehemu nyingine za mkoa wetu, wapo wazee, hasa wanawake, waliopoteza macho kwa ugonjwa wa trakoma, uitwao pia vikope. Mjukuu anayemwongoza bibi yake kwa fimbo huuliza: nani alimfanya bibi kuwa kipofu?

Ni swali lile lile ambalo wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu tangu kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu alikataa majibu yote mawili, kisha akafanya kazi ya kumponya (Yohane 9). Vivyo hivyo, alipotaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa waovu kuliko wengine (Luka 13:4-5).

Kuhusu Kongwa tunaweza kusema zaidi, maana utafiti uliofanyika katika vijiji vyake tangu miaka ya 1980 umejulikana duniani kote. Trakoma huletwa na vijidudu vinavyoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye nyuso zenye matongotongo. Mtoto huambukizwa mara nyingi, kope hufanya makovu kwa ndani, na baada ya miaka mingi nywele za kope hugeuka na kukwaruza jicho mpaka giza liingie. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa ndio wanaowabeba watoto. Watafiti waliona kwamba kunawa uso, pamoja na dawa, hupunguza ugonjwa mkali, na kwamba lita moja ya maji, yakitumiwa kwa uangalifu, hutosha kunawisha nyuso nyingi.

Hivyo basi, bibi hakupofushwa na Mungu wala na mchawi. Alipokuwa mtoto, maji yalikuwa mbali na dawa haikuwapo. Mjukuu aambiwe hivyo, kisha anawishwe uso. Kunawa huko kunaweza kuwa somo la dini: Mungu aliyetupa macho anapenda tuyatunze, naye anampenda bibi jinsi alivyo. Nasi wakubwa tukidai kisima kichimbwe karibu, tunaendeleza kazi ile aliyoifanya Yesu kwa yule kipofu.

5. Kifo kinapoingia nyumbani

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa. Mtoto mchanga amekufa kwa malaria au kuhara. Nduguye wa miaka minne anaambiwa kwa nia njema: Mungu alimpenda sana, ndiyo maana amemchukua. Mtu mzima husikia faraja. Mtoto husikia jambo jingine: Mungu huwachukua anaowapenda, basi, akinipenda na mimi nitachukuliwa. Mtoto wa namna hiyo aweza kukataa kusali, na wazazi wasielewe sababu. Vivyo hivyo, akiambiwa kwamba marehemu amelala, aweza kuogopa usingizi. Akiambiwa amesafiri, atakaa akimngoja.

Tunashauri maneno ya kweli na ya upole: "Mdogo wako amekufa. Ugonjwa uliushinda mwili wake. Hatarudi hapa nyumbani, na sisi sote tunalia. Si wewe uliyesababisha. Yesu naye alilia mbele ya kaburi la rafiki yake Lazaro. Tunaamini kwamba mdogo wako yumo mikononi mwa Mungu, na siku moja tutaonana." Imani yetu yote juu ya ufufuko imo humo, wala Mungu hakufanywa mnyang'anyi.

Tukumbuke pia miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipokuwa ukijaza makaburi. Katika misiba mingi ilisemwa waziwazi kwamba ugonjwa ule ni adhabu ya Mungu, huku yatima wakiwa wameketi mkekani wakisikia. Walizika wazazi wao, na pamoja nao wakabebeshwa aibu. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure katika mpango wa taifa mwaka 2004, wengi ambao wangesemwa kuwa wamelaaniwa waliishi na kulea watoto wao. Je, Mungu alibadili hukumu yake mwaka huo? Hapana. Palikosekana dawa, kisha dawa ikapatikana.

Ndiyo maana, pale ambapo mgonjwa alifariki kwa sababu zahanati haikuwa na dawa, au gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, maneno "ni mapenzi ya Mungu" yasitumike kama kifuniko cha chungu. Tumwombee marehemu, tuifariji familia, kisha viongozi waende kwa heshima kuuliza.

6. Mtoto na jirani wa dini nyingine

Katika nchi yetu watoto hucheza pamoja bila kuulizana dini. Kondoa ina Waislamu wengi; katika Jiji la Dodoma adhana na kengele husikika mtaa mmoja; Waanglikana na madhehebu mengine wapo karibu kila kijiji. Siku moja mtoto atauliza: je, Mungu wa Hamisi ni mwingine? Hamisi atachomwa?

Mtaguso, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, ulisema kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Jibu la nyumbani laweza kuwa hili: "Hamisi na wazazi wake wanamwomba Mungu mmoja, Muumba wetu. Sisi tunamfuata Yesu, na yeye alitufundisha kumpenda kila jirani." Jibu hilo halipunguzi imani ya Kikristo hata kidogo, na linatunza amani. Ugomvi wa kidini kati ya watu wazima mara nyingi una mizizi katika dharau iliyosikika jikoni.

7. Namna ya kuzungumza

Kwa ufupi, tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, tusikilize swali mpaka mwisho. Kumwambia mtoto kwamba anauliza sana ni kumfundisha kwamba mbele ya Mungu inafaa kunyamaza. Abrahamu alimhoji Mungu juu ya haki kwa ajili ya Sodoma, wala hakukemewa (Mwanzo 18).

Pili, tujibu kwa ufupi na kwa ukweli. Tusilolijua tukiri kwamba hatulijui. Mtoto akisikia baba akisema, "Hilo silijui, tumwulize Mungu pamoja katika sala," hatamdharau. Atajifunza kwamba hata watu wazima ni wadogo mbele ya Mungu.

Tatu, tutumie vitu vya nyumbani na nyimbo. Mathias Mnyampala, mwandishi na mshairi mzaliwa wa Ugogo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliitungia Injili utenzi, kwa kuwa alijua kwamba neno lenye mizani hukaa moyoni. Wimbo mfupi wakati wa kutwanga, na shukrani mbele ya ugali na mlenda, ni katekesi kamili.

Nne, baba wasiwaachie mama peke yao. Mtoto hupata picha ya kwanza ya Mungu Baba kutokana na baba anayemwona. Baba anayepiga nyumbani na kusali kanisani anafundisha pia, ila anafundisha vibaya.

Tano, matendo yatangulie. Mtoto anayetumwa kupeleka bakuli la unga kwa mjane amekwisha kufundishwa Mungu ni nani.

Ndugu wapendwa, Bwana wetu alitoa onyo zito juu ya mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, akataja jiwe la kusagia shingoni (Mathayo 18:6). Onyo hilo linawahusu wote wanaosema juu ya Mungu mbele ya watoto. Mungu wetu ndiye aliyewatoa watumwa utumwani, akamtafuta kondoo aliyepotea, akalia kaburini kwa rafiki. Huyo ndiye tumshuhudie, na mengine yaliyofanywa na binadamu tuyaite kwa majina yake.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni maneno gani juu ya Mungu ambayo watoto wa jumuiya yetu husikia zaidi nyumbani? Je, ni ya kweli?

2. Katika mtaa au kijiji chetu, ni taabu ipi inayoitwa mapenzi ya Mungu ambayo watu wangeweza kuiondoa? Tuanze na hatua ipi, na nani atumwe?

3. Msiba unapotokea, nani katika jumuiya hukaa na watoto wa marehemu na kujibu maswali yao?

4. Tunawafundisha nini watoto wetu juu ya jirani wa dini nyingine, kwa maneno na kwa matendo?

Mungu awabariki, na awabariki watoto wetu. Amina.